Mdogo Wangu wa Nembo Nyekundu

Mimi ndiye niliyemfundisha mdogo wangu kuwasha kompyuta. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Sumbawanga wameshalisahau, na yeye mwenyewe, anapolikumbuka, hulitaja harakaharaka kama mtu anayesalimia huku anapita.

Alikuja kwangu kutoka kijijini kwetu Msanzi, msichana aliyetoka kumaliza kidato cha nne, na begi la nguo na maharage ambayo mama alimfungia ili asije mikono mitupu. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, nakaa mtaa wa Izia na mume wangu, mwalimu wa sekondari. Nilikuwa nauza kompyuta katika duka la Hajati pale mjini. Hajati ni mama wa familia ya wafanyabiashara wa Kiislamu, wenye maduka na malori tangu wazazi wao. Duka lake lilianza na mablanketi, likaongeza redio, likaongeza simu. Kompyuta zilipoingia, mimi ndiye niliyezipokea kwa kuwa nilikuwa nimesoma uhazili Mbeya.

"Hizo ni zako, mwanangu," Hajati aliniambia siku maboksi yaliposhushwa. "Mimi niachie mablanketi yangu."

Na kweli zikawa zangu. Zilikuwa za kampuni moja tu, yenye nembo ya bluu. Wakala wao wa Dar es Salaam alituletea mabango, fulana, miavuli na kalenda. Mtu yeyote wa Sumbawanga aliyetaka kompyuta ya kuweka nyumbani alikuja kwangu, nami nilimweleza kila kitu: prosesa, RAM, ukubwa wa diski, aina ya kioo. Wazee waliniita mwalimu ingawa mwalimu alikuwa mume wangu. Nilipenda kuitwa hivyo.

Jioni nyumbani nilimkalisha mdogo wangu mezani mbele ya kompyuta yangu ya bluu. Mwanzoni kipanya alikiinua hewani badala ya kukiburuza, halafu akajicheka mwenyewe mpaka machozi yakamtoka. Alishika haraka. Ila alichoshika sicho nilichokuwa namfundisha. Nikimweleza habari za RAM, ananiuliza, "Sasa hiyo inamsaidia nini mtu, dada?" Nikimjibu kwamba inaongeza uwezo wa kuendesha programu nyingi kwa pamoja, anafikiri kidogo, halafu anasema, "Yaani ni kama meza ya jikoni. Ikiwa pana, unakata mboga huku unga umeuweka pale." Mimi nilimwambia asirahisishe mambo. Kesho yake, mteja mmoja aliponikazia macho bila kuelewa, nilijikuta namweleza habari za meza ya jikoni. Alielewa palepale, akanunua. Mdogo wangu sikumwambia.

Kisha lile duka la ng'ambo ya barabara likafunguliwa. Wenyewe walikuwa mume na mke waliotoka Mbeya, na waliuza kompyuta za nembo nyekundu. Walipaka duka zima rangi nyekundu, mpaka kizingiti. Waliweka spika mlangoni, ikawa tangu asubuhi sisi tunasikiliza muziki wao tukitaka tusitake. Mlango wao ulitazamana na kioo chetu, kiasi kwamba nikiinua macho tu naona nani anaingia kwao.

Walikuwa wanatafuta mtu wa kuuza, anayejua Kiswahili na Kifipa.

"Dada, nikaombe?" mdogo wangu aliniuliza.

"Kaombe," nikamjibu. Nilijua hawatamchukua. Hakuwa na cheti chochote cha kompyuta, alikuwa na mimi tu.

Alirudi jioni ile ile amevaa fulana nyekundu.

Nilimpongeza, nikapika wali. Mume wangu alifurahi kwelikweli, akasema sasa nyumba yetu ina mawakala wawili, tutajenga ghorofa. Nikacheka naye. Lakini nilipokuwa naosha vyombo nilijikuta naikumbuka ile fulana, kitambaa chake kizito kuliko chetu, na mshono wake mzuri. Zetu zilikuwa zinapauka baada ya kufuliwa mara chache. Hicho ndicho kilichoanza kuniuma, kitambaa. Mengine yakafuata.

Kampuni ile ilimkopesha kompyuta moja ya kujifunzia, akaileta nyumbani. Ikawa meza yetu ya sebuleni ina mbili, bluu upande huu na nyekundu upande ule. Siku moja nilirudi kutoka sokoni nikamkuta mume wangu anachapa mtihani wa kidato cha pili kwenye ile nyekundu.

"Ya kwako ilikuwa inajisasisha," alisema kabla sijauliza. "Imeniambia nisubiri, nimesubiri mpaka nimechoka."

"Ungesubiri zaidi."

"Ni mtihani tu, mama. Hata hivyo vitufe vya hii ni laini."

Ningemkuta anakula kwa jirani nisingeumia vile. Jioni niliikalia ile kompyuta yangu nikazima mambo yote ya kujisasisha, moja baada ya jingine, huku mdogo wangu akiniangalia pembeni anatafuna mahindi ya kuchoma.

Mjini vita ilikuwa ya wazi. Kampuni yetu ilituma gari la matangazo lenye sauti iliyorekodiwa Dar, ya mwanamume mwenye sauti nzito, anasema: "Kompyuta ya bluu! Kasi kama umeme!" Gari lilipofika sokoni umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Mama mmoja muuza dagaa akauliza kwa sauti, "Umeme wa wapi, wa hapa?" Soko zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo kila mtu mzembe sokoni aliitwa kasi kama umeme.

Wekundu nao walileta gari. Lakini wao hawakuweka sauti ya Dar, walimweka mdogo wangu juu na kipaza sauti. Alizungumza Kifipa cha Msanzi, kile kile cha mama yetu, chenye kuvuta maneno mwishoni. Hakutaja saa za chaji hata mara moja. Alisema, "Mama, unaiwasha asubuhi unaenda shamba. Unalima, unarudi, unapika, watoto wanakula. Unaikuta bado ina moto." Wanawake wakamjibu kwa vigelegele. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa duka la Hajati, nimekunja mikono kwa sababu ya upepo, na nilijisikia kama mtu aliyeibiwa kitu ambacho hawezi kukitaja kituoni.

Nilijaribu na mimi. Wiki iliyofuata niliomba kipaza sauti cha gari letu, nikapanda. Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Nilisema kwa Kiswahili safi, nikaeleza tofauti ya diski za zamani na diski za kisasa, nikaeleza habari za waranti. Watu walisikiliza kwa heshima, kama wanavyosikiliza matangazo ya maji. Nilipobadili nikaingia Kifipa, maneno yalitoka kama nayasoma kitabuni. Kijana mmoja wa bodaboda akapaza sauti, bila ubaya wowote, "Dada, ongea kama mdogo wako!"

Nilishuka.

Kulikuwa na mzee mfugaji, mmoja wa wale waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini magharibi ya nchi. Aliishi upande wa Kate, na binti yake alikuwa anakwenda chuo. Alianza kwangu. Nilimpa kiti, nikamweleza taratibu, sikuruka kitu. Alivua kofia yake akaishika magotini muda wote niliokuwa naongea. Mwisho akasema, "Asante sana mwanangu, nitarudi." Nikamwona anavuka barabara. Muda si mrefu akatoka kule na boksi jekundu begani, na mdogo wangu nyuma yake anamsindikiza, wote wawili wanacheka.

Jioni nikamuuliza, "Yule mzee ulimwambia nini?"

"Sikumwambia kitu, dada. Nilimuuliza binti yake anaenda kusomea nini. Akaanza kunisimulia."

"Basi?"

"Basi. Alipomaliza kusimulia akauliza ipi nzuri, nikamwonyesha."

Mimi sikumuuliza habari za binti yake. Niliona si adabu kumchimba mtu mzima.

Haikuchukua muda mdogo wangu akahama kwangu, akapanga chumba karibu na soko. Alisema ni kwa sababu ya kuwahi kazini. Nami nilikubali ni kwa sababu hiyo.

Mwaka ule, baada ya mavuno, yakaja maonyesho ya kilimo na biashara. Wakati huo wa mwaka baridi ya Ufipa haina mzaha, watu wanatembea na makoti mazito mpaka mchana. Kampuni yetu ilituma meneja wa mauzo kutoka Dar, kijana aliyevaa koti jembamba na viatu vya ncha, akawa anatetemeka tangu anashuka kwenye gari. "Hii baridi hamkuniambia," alisema, kama vile tungeweza kuizuia. Alikuja na banda la kisasa, maputo, na mashindano ya maswali. Ukijibu unapata mwavuli. Kwenye ukuta wa banda walibandika picha kubwa ya familia ya Kizungu imekaa kwenye sofa jeupe na kompyuta yetu, mbwa amelala miguuni mwao humo humo ndani.

Banda la wekundu lilikuwa jirani, turubai tu na meza. Asubuhi halikuwa na watu. Niliridhika, nikajimiminia chai.

Kisha nikasikia makelele, ya furaha. Watu wakaanza kuhama kutoka kwetu mmoja mmoja, hata waliokuwa kwenye foleni ya mwavuli. Nikatoka kuangalia. Katikati ya turubai la wekundu, kwenye kiti, alikuwa amekaa mama yangu mzazi. Amevaa fulana nyekundu juu ya gauni lake, kitenge kiunoni, na anapiga kelele kwa Kifipa mbele ya kompyuta. Kwenye kioo cha kompyuta, kwa simu ya video, alikuwepo mjomba wetu, kaka yake mkubwa aliyehamia Kigoma sisi tukiwa wadogo. Walikuwa hawajaonana uso kwa uso miaka yote hiyo. Mama alikuwa anamgombeza kwa kukonda. Mjomba anajitetea. Watu wanacheka, na wengine, hasa wanawake wa umri wa mama, wanafuta macho kwa ncha za vitenge.

Meneja wetu alinifuata nyuma. "Yule bibi ni nani? Watu wote wako kwake."

"Mama yangu."

"Mama yako?" Aliniangalia vizuri. "Sasa anafanya nini kule?"

Hakusubiri nieleze. Akasema, "Mlete kwetu. Mpiga picha yuko tayari."

Nikaingia katikati ya watu. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Njoo, njoo umwone mjomba wako. Mwone alivyozeeka!"

Nikamwamkia mjomba kwenye kioo. Alinibariki. Kisha nikainama sikioni kwa mama. "Mama, twende na kwetu kidogo."

"Kwenu wapi?"

"Pale. Lile banda la bluu."

Aligeuka akaliangalia kana kwamba ndiyo kwanza analiona. "Pale ndipo unapofanyia kazi? Mbona hukuniambia nije? Mdogo wako amenifuata mpaka Msanzi na gari."

Mdogo wangu akasogea. Alikuwa anatabasamu kwa ajili ya watu, lakini alisema kwa chini, "Mwache dada, bado anaongea na mjomba."

"Ameongea vya kutosha."

"Katoka Msanzi na baridi hii kwa ajili ya hili. Mwache amalize."

"Na mimi ni mtoto wake."

"Nani kakataa?"

Tulikuwa tumeshamshika mama kila mmoja mkono wake, sikumbuki nani alianza. Mama akajinasua kwa nguvu, akasimama. "Msinivute. Mimi si mbuzi." Akamuaga kaka yake, akamwambia ale vizuri, akapangusa kitenge chake, akatoka mwenyewe bila kushikwa, akaenda mpaka kwenye banda letu. Nusu ya watu wakamfuata.

Meneja akampokea kwa mikono miwili na kumpa fulana ya bluu. Mama akaipokea akaivaa palepale, juu ya ile nyekundu. Nyekundu ikabaki inaonekana shingoni na kwenye mikono.

"Bibi," mpiga picha akasema, "tunaomba hiyo ya ndani uivue kidogo."

"Nivue na baridi hii? Anza wewe kuvua koti lako."

Watu wakacheka, mpiga picha naye akacheka, akampiga picha hivyo hivyo. Mama ameweka mkono juu ya kompyuta ya bluu, ameangalia kamera bila woga. Kisha akaiona ile picha ya ukutani. Akaikaribia, akainyoshea kidole. "Na hawa ni akina nani?"

"Ni watu wa tangazo tu, mama," nikamwambia.

"Mbwa analala ndani?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa, akaomba chai. Nilimpa yangu. Mdogo wangu alikuwa amesimama kwao, mikono kiunoni, anatuangalia. Siku ile nzima, ni dakika hiyo tu niliyoifurahia.

Mwisho wa mwaka kalenda mpya zikaja kutoka Dar. Hajati ndiye aliyelifungua bunda, akaniita. Juu ya kalenda alikuwa mama. Kampuni yetu ilikuwa imeachana na wale Wazungu na mbwa wao, ikamweka mama yangu. Lakini ile nyekundu ya shingoni haikuwepo. Walikuwa wameigeuza kwa kompyuta, shingo na mikono ya fulana yote ya bluu. Ungedhani alizaliwa nayo.

Nilimpelekea mama nakala moja Msanzi. Aliishika mbali na macho, akaisogeza karibu. "Hii shingo si ya nguo yangu," alisema. Hata hivyo alitafuta msumari akaitundika, juu ya kitanda, mahali ambapo mgeni akiingia tu anaiona. Jirani zake wakaja kuiangalia. Nilikaa pale nakunywa togwa, nawasikiliza wakisema mtoto wake mkubwa kamfikisha mbali. Nilitamani mdogo wangu awepo asikie.

Alisikia. Siku chache baadaye alikuja Izia, alikokuwa hajakanyaga kwa miezi. Hakukaa.

"Umemchukua mama," alisema.

"Sikumchukua. Alikuja mwenyewe, ulimwona."

"Ile nyekundu nilimvalisha mimi. Alikuwa anatetemeka asubuhi ile, nikamvalisha kwa mikono yangu. Nyie mmeifuta."

"Si mimi. Ni watu wa Dar."

"Na ulipoiona ulisema nini?"

Nilipoiona nilikuwa nimesema, "Vizuri." Niliangalia uso wake. Midomo alikuwa ameibana na macho yamemwiva, na nikaijua ile hali, kwa kuwa mimi nilikuwa naishi nayo kila siku mbele ya kioo cha duka. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona kwa mtu mwingine, na kwake! Nikamvutia kiti. Nikamimina chai, nikatia sukari nyingi kama anavyopenda. Akanywa huku amekasirika. Alikaa mpaka mume wangu akarudi, na hatukuzungumzia tena kompyuta. Nilipomsindikiza nilikuwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo. Sijivunii, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wepesi ule haukudumu. Wekundu walijibu. Walisimamisha bango barabara ya kuingilia mjini, kubwa kuliko lori, na juu yake mdogo wangu peke yake, ameshika kompyuta kifuani kama mtu anavyombeba mtoto, anacheka meno yote nje. Maneno yalikuwa machache: Uliza kwetu.

Mimi hupita barabara ile kila asubuhi. Siku ya kwanza nilikuwa nimepanda bodaboda. Dereva akapunguza mwendo.

"Dada, yule si mdogo wako?"

"Ndiye."

"Mnafanana kweli. Ila..."

"Ila nini?"

"Ila yeye anacheka."

Nilianza kupitia njia ya nyuma, ya vumbi. Mume wangu alipouliza kwa nini viatu vyangu vina vumbi namna ile nikamwambia ni njia ya mkato. Haikuwa ya mkato. Na haikusaidia kitu, kwa sababu nikifika kazini ninakuta bango dogo la picha ileile kwenye mlango wa ng'ambo, na chini yake mwenyewe, anafagia kizingiti, ananipungia mkono. "Mambo, dada!" Nami namjibu poa, napandisha shata la duka kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Wateja walikuja wakiwa na vijarida vya nembo zote mbili mkononi. Waliniuliza tofauti yake nini hasa. Nilikuwa na majibu mengi, mengine ya kweli. Kompyuta zenyewe, kusema haki, zilikuwa zinakaribiana sana. Zote zilivumilia vumbi la hapa, zote zilichukia umeme unaokatika na kurudi. Lakini mtu akisema nyekundu ni nzuri kidogo nilikuwa nashikwa na joto usoni, kama vile amesema mdogo wangu ni mzuri kidogo.

Kisha akapandishwa cheo. Kampuni ya nyekundu ilimhitaji Mbeya, kusimamia mauzo ya kanda. Alikuja dukani kuniambia. Kwanza akamwamkia Hajati, "Shikamoo Hajati," akaitikiwa, akaulizwa habari za mama, ndipo akaja upande wangu.

"Naondoka, dada. Mbeya."

"Nimesikia. Hongera."

"Kuna jambo jingine." Alishusha sauti. "Wale wenye duka wanataka mtu wa nafasi yangu. Nimewaambia hakuna mtu Sumbawanga anayezijua kompyuta kama wewe. Wanakusubiri. Mazingira yao ni mazuri dada, na fulana unapewa, na..."

"Fulana ya kwako?"

"Mpya, jamani!"

Alikuwa amesema kwa moyo mweupe kabisa. Nilimwona usoni, hakuwa na hila hata chembe, na hilo ndilo lililonichoma. Tulipokuwa watoto Msanzi, mimi ndiye niliyenunuliwa gauni, nikilivaa likinibana linakwenda kwake. Sare za shule hivyo hivyo, viatu hivyo hivyo. Hakuna siku nguo ilipanda kutoka kwake kuja kwangu. Nikajiona nimesimama kwenye kizingiti kile chekundu, chini ya picha yake, mzee mfugaji anaingia na kuniuliza, yule binti mcheshi yuko wapi?

"Siendi," nikasema.

"Fikiria kwanza."

"Nimefikiria."

Alinikumbatia hata hivyo, akaondoka. Hajati alikuwa amesikia yote, duka lenyewe si kubwa. "Ungekwenda mwanangu nisingekuzuia," alisema. "Unabaki kwa ajili yangu?"

"Ndiyo, Hajati."

Aliniangalia kidogo, akarudi kukunja mablanketi yake.

Nafasi ile walimpa kijana mmoja wa mjini, mstaarabu, anayeita kila mtu mshikaji, hata wazee. Hakudumu na wateja. Mimi nikapata wangu kadhaa, na siku hizi nikiuza huwa nauliza kwanza mtoto anasoma nini. Nauza zaidi. Najua nimejifunza kwa nani na bado sijamwambia.

Bango likaja kuondolewa, wakaweka la mbolea. Nikarudia barabara yangu. Mdogo wangu huja nyumbani Krismasi, na koti la Mbeya na zawadi kwa kila mtu. Mama humkalisha karibu naye, mimi hukaa karibu na mlango na kuona jinsi anavyomshika mkono anapoongea.

Juzijuzi alinipigia simu nikiwa dukani. Sauti yake haikuwa ile ya kipaza sauti.

"Dada, una nafasi?"

"Ninayo. Kuna nini?"

"Wamemleta binti mmoja hapa ofisini. Mdogo, ndiyo kwanza ametoka chuo. Nimemfundisha mimi kila kitu, dada, kila kitu, hata namna ya kumsalimia mteja. Sasa wamempa yeye matangazo ya redio. Eti sauti yake ina mvuto."

"Eh!"

"Naisikia kila asubuhi nikiwa kwenye gari. Ananikera, dada. Najua si vizuri, lakini ananikera mpaka chakula hakipiti."

Nilimwashiria Hajati anishikie mteja aliyekuwa anaingia. Nikatoka nje, nikakaa kwenye kibaraza, juani, upepo ukiwa umetulia. Nilimwambia pole, avumilie, kazi ndivyo zilivyo. Akanishukuru, akasema anajisikia nafuu kidogo, akataka kukata.

"Usikate," nikamwambia. "Hebu nisimulie vizuri. Anza mwanzo. Huyo binti ulimkuta anajua nini?"

Akaanza mwanzo.